Oili Ibadilishwe Lini: Niliyojifunza Chini ya Magari Kitale na Bungoma

Nimestaafu mwaka mmoja sasa. Mafundi niliowaacha kwenye gereji ya hospitali hapa Bungoma waliniomba niwaandikie niliyoyaona kazini, na nilipowauliza wanataka nianzie wapi, wakasema nianzie kwenye oili. Sikushangaa. Katika miaka yangu yote nimeulizwa swali moja na madereva, wakulima, walimu, mapadri, na hata daktari wa meno aliyekuwa ameshanifungua mdomo: oili ya gari ibadilishwe baada ya kilomita ngapi. Daktari wa meno peke yake ndiye aliyepata jibu fupi.

Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Vyeo vyenyewe havikuwa vingi, na mshahara kila mtu anaujua wake. Nitaeleza nilivyofundishwa, nilivyokosea mara mbili, na nilivyorekebishwa. Jina langu ni Everlyne Nasimiyu. Kama umewahi kuingia gereji nilizofanyia kazi, ya Kitale au ya Bungoma, na kumkuta mama mfupi mwenye ovaroli ya kijani iliyokunjwa miguuni mara tatu, basi tumeonana.

Nilisomea ufundi hapa hapa Bungoma, halafu nikapata kazi kwenye gereji ya kampuni moja ya mbegu nje kidogo ya mji wa Kitale. Nilipanga chumba mtaa wa Tuwan, na asubuhi ya siku ya kwanza nilifika kazini mapema sana nikiwa na spana zangu nne ndani ya mfuko wa khaki. Fundi mkuu alikuwa Mzee Abdalla, mtu mrefu, mtulivu, mwenye Kiswahili cha kunyooka kuliko cha sisi wengine, kwa sababu alikulia karibu na msikiti wa mjini na nyumbani kwao hawakuwa na lugha nyingine. Aliziangalia spana zangu, akaniambia nizirudishe mfukoni. Kisha akanipa karatasi moja kubwa nyeupe.

Kazi yake ilikuwa hivi. Nipite kwenye kila gari lililokuwa uwanjani, nichomoe kijiti cha kupimia oili, nidondoshe tone moja kwenye karatasi, na pembeni niandike ni gari gani. Kulikuwa na malori, matrekta, pikapu na gari dogo la meneja. Nilidhani ananitania kwa sababu mimi ni mwanamke, na nadhani hata madereva walidhani hivyo, maana walinifuata wakicheka cheka. Nilipomaliza, Mzee Abdalla akaitundika ile karatasi kwenye msumari, akayaacha matone yatanuke mpaka tukanywa chai. Baada ya chai akaniuliza gari gani ni mgonjwa.

Nikaonyesha tone jeusi kuliko yote, la lori moja la dizeli. Akasema lile lilibadilishwa oili wiki iliyopita. Oili ya dizeli hugeuka nyeusi baada ya siku chache tu, kwa sababu inafanya kazi yake ya kubeba masizi. Akaniambia nichague tena. Nikachagua lingine jeusi. Akatikisa kichwa. Kisha akaweka kidole kwenye tone zuri kuliko yote, la rangi ya asali, lililotoka kwenye pikapu ya petroli.

"Nusa," akaniambia.

Nilinusa kile kijiti. Kilinuka petroli. Tulipopima, kiwango cha oili kilikuwa kimepanda juu ya alama, na hakuna mtu aliyekuwa ameongeza chochote. Pampu ya petroli ilikuwa inavuja kwa ndani, petroli inaingia kwenye injini na kuifanya oili iwe nyepesi kama chai ya rangi. Gari lile lingevunjika ndani ya mwezi huo, na oili yake ilikuwa ya kupendeza macho. Ndivyo nilivyojifunza siku ya kwanza kwamba rangi hudanganya. Angalia kiwango, nusa, sugua kati ya vidole, angalia tone linavyotanuka kwenye karatasi. Tone zuri hutanuka taratibu mpaka pembeni. Tone la oili iliyochoka hubaki na kitovu kigumu katikati, kama limekataa kutembea.

Sheria ya Mzee Abdalla wakati ule ilikuwa kilomita elfu tano. Kwa matrekta, ambayo hayaendi mbali lakini hayapumziki, alihesabu saa. Kila gari lilifungwa kadi kwa waya karibu na usukani, na kwenye kadi ile fundi aliandika tarehe, kilomita na sevisi inayofuata. Mimi niliandika kadi kumi na moja nadhifu sana kabla Mzee Abdalla hajaniita pembeni na kuniomba nimsomee moja kwa sauti. Nikasoma. Nilikuwa nimeandika "oiri" kwenye zote. Sisi wa Bungoma herufi hizi mbili, l na r, hutuchezea, hasa mtu akiwa na haraka. Mzee hakucheka. Alisema tu kwamba gari halitajali, lakini meneja atajali, na akanipa kadi kumi na moja mpya.

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi. Alinifundisha kufungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, injini ikiwa na joto la wastani, siyo baridi ambapo uchafu hubaki chini, wala siyo moto wa kuunguza. Alinifundisha kupaka oili mpya kwenye mpira wa filta kabla ya kuifunga, na kuifunga kwa mkono, siyo kwa hasira. Aliniambia fundi anayekaza filta kwa spana anamtafutia matatizo fundi atakayekuja baada yake, na mara nyingi fundi huyo ni yeye mwenyewe. Alipostaafu, mimi ndiye niliyebaki na ile gereji, na ile sheria ya elfu tano niliishika kama amri ya kanisani.

Kosa langu la kwanza lilianzia hapo.

Kampuni ilileta pikapu mpya za dizeli. Zilikuwa na kompyuta, na kwenye ekzosi zilikuwa na chujio la kukamata masizi yasiende hewani. Kitabu chake kilisema oili ibadilishwe kila kilomita elfu kumi na tano. Nilisoma ukurasa huo mmoja, nikafunga kitabu, nikakiweka kwenye droo. Kwangu mimi ule ulikuwa uongo wa watu wasiojua barabara zetu. Nikaendelea na elfu tano yangu. Na kwa sababu tulikuwa na pipa zima la oili nzito ya matrekta, nikatia hiyo hiyo. Nilijiona mwerevu kuliko kitabu. Kila nilipobadilisha, nilimwambia dereva kwamba injini hii itaishi kuliko yeye.

Mwaka wa pili, mtunza stoo wetu, Chebet, alikuwa anaolewa. Kwao ni upande wa Kachibora, na harusi ilikuwa kanisani Kitale mjini. Meneja akampa pikapu mpya kuliko zote imbebe bibi harusi, na mimi nikaisafisha mwenyewe na kufunga maua. Nilikuwa kwenye gari la nyuma na akina mama waimbaji. Hatukufika mbali. Kwenye mwinuko wa kwanza, taa ya injini ikawaka na pikapu ikapoteza nguvu. Haikuzimika. Ilikataa tu kukimbia, kompyuta imeibana injini ili isiharibike. Kila kilima ilipanda kwa mwendo wa mtu anayeenda sokoni bila orodha. Akina mama waimbaji waliona afadhali washuke watembee kando yake wakiimba, na kwenye kilima kimoja walimwacha bibi harusi nyuma.

Chebet alifika kanisani mchungaji akiwa ameshavua koti. Aliolewa, namshukuru Mungu, na sasa ana watoto watatu. Lakini kwenye picha za siku ile mimi ndiye peke yangu nisiyecheka.

Jumatatu alikuja mtaalamu kutoka Eldoret na kompyuta yake. Aliichomeka, akasoma, kisha akaniuliza oili gani iko kwenye injini. Nikamwonyesha pipa. Akafunga kompyuta yake taratibu, kama mtu anayetafuta namna ya kumwambia mama wa watu jambo baya. Akaeleza kwamba gari lenye chujio kwenye ekzosi linataka oili maalumu, isiyoacha majivu mengi inapoungua. Ile ya pipa ilikuwa nzuri kwa trekta, lakini majivu yake yaliziba chujio kidogo kidogo kwa miaka miwili. Kubadilisha mara kwa mara hakukusaidia chochote. Kila mara nilikuwa narudishia ile ile.

Niliaibika mpaka nikakosa hamu ya kula. Jioni nikaenda nyumbani kwa Mzee Abdalla. Nilimkuta amekaa barazani na wajukuu. Nilimweleza yote, na nadhani nilikuwa natafuta aniambie kwamba kitabu ndicho chenye makosa, au kwamba magari ya siku hizi hayafai. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilikufundisha elfu tano kwa oili ya wakati ule na injini za wakati ule," akasema. "Sikukufundisha kuacha kusoma."

Kisha akaniuliza kama nimekula, akaagiza chai.

Kesho yake nikakitoa kitabu kwenye droo. Nilikisoma chote, ukurasa kwa ukurasa, na kamusi mkononi. Ilinichukua karibu mwezi. Nilijifunza kwamba zile nambari na herufi kwenye mkebe wa oili siyo mapambo. Nambari za kwanza zinaeleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, za pili jinsi inavyobaki na uzito ikiwa moto, na zile herufi ndogo zinazofuata ndizo zinazosema kama oili hiyo inafaa injini ile au la. Nilijifunza kwamba oili za kisasa zimetengenezwa zidumu, na kwamba elfu kumi au elfu kumi na tano ya kwenye kitabu haikuwa uongo. Ule ukurasa mmoja nilioutazama mwanzo, sikuwa nimeumaliza: chini yake ilitajwa oili ya kutumia.

Ungefikiri hapo nimeelimika. Mimi pia nilifikiri hivyo, na ndiyo maana kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Mume wangu alipohamishiwa kazi Bungoma, nami nikapata kazi kwenye gereji ya hospitali moja ya misheni hapa. Nilikuwa nimegeuka kabisa. Mtu aliyeungua ulimi hupuliza hata maziwa ya jana, na mimi nilipuliza. Kila gari nililolikuta nililitafutia kitabu. Kama kitabu kilisema elfu kumi na tano, ilikuwa elfu kumi na tano, na taa ya sevisi kwenye dashibodi ndiyo iliyokuwa bosi wangu. Niliwaambia madereva waache kuchomoa chomoa vijiti vya oili na kuingiza vumbi, kompyuta inahesabu. Nilisema hivyo kwenye mkutano, na kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Tulikuwa na ambulensi mbili. Ile mpya iliendeshwa na Barasa, mwanaume wa makamo kutoka Myanga, mpole, asiyependa maneno mengi. Asubuhi moja alikuja gerejini, akasimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Madam, hii gari siku hizi inagonga gonga kidogo asubuhi kabla haijaamka," akasema. "Si mbaya sana. Lakini mimi sijaipenda."

Niliingia ndani ya gari, nikawasha dashibodi. Taa ya sevisi haikuwaka. Kompyuta ilisema bado kilomita elfu sita na zaidi. Nikamwonyesha. Akasema ndiyo, ameona, lakini ile sauti hata kama kompyuta haiisikii yeye anaisikia. Nikamwambia, kwa upole ninaouonea aibu mpaka leo, kwamba injini za kisasa zina sauti zake. Aliondoka. Baada ya siku chache akarudi na maneno yale yale, nami nikamjibu vile vile. Sikuchomoa kijiti. Ingenichukua dakika moja.

Wiki iliyofuata, karibu na saa sita mchana, simu yangu ililia. Ilikuwa Barasa. Yuko njiani kutoka Myanga amebeba mama mjamzito, na taa nyekundu ya oili imewaka. Amesimama papo hapo na kuzima injini.

Hapa niwaambie jambo moja wenzangu, kwa sababu ndilo lililookoa kila kitu. Taa ya sevisi ni ya njano, inakukumbusha. Taa nyekundu yenye picha ya birika la oili haikukumbushi kitu. Inakuambia kwamba wakati huu huu chuma kinasugua chuma. Madereva wengi wangesema wafike tu hospitalini kwanza. Barasa alijua kwamba akiendelea hata kilomita moja, injini itanoki, yaani itakufa kabisa, na hapo hakuna atakayefika. Alizima akiwa na mama analia nyuma yake.

Ambulensi ya pili ilikuwa imepeleka mgonjwa Eldoret. Niliuliza kama mama anaweza kuhamishiwa gari lolote la mtu. Barasa akampa simu nesi aliyekuwa naye, Sista Juliet, na yeye akanieleza kwa maneno machache. Mtoto ametanguliza miguu. Mama ana dripu, amelazwa vizuri, na kumkunja kwenye kiti cha gari dogo ni hatari. Ni lazima aende upasuaji, na aende akiwa amelala.

"Fundi, nipe gari inayotembea," akasema. "Hiyo nyingine niachie mimi."

Sikubishana. Nilichukua mikebe miwili ya oili, ile sahihi, filta mpya nikaitia ndani ya ovaroli kifuani, spana ya nati ya sampu mfukoni, nikapanda pikipiki ya kwanza niliyoikuta langoni. Njia nzima nilikuwa najiuliza kama ni oili peke yake au kama pampu imekufa. Kama ni pampu, nilikuwa naenda kumtazama mama wa watu na mikebe mikononi.

Niliwakuta pembeni ya barabara, mbele ya duka moja la unga. Watu walikuwa wamekusanyika lakini kwa adabu, wanawake wameshika leso wamezuia upande wa mlango wa ambulensi ili mama asitazamwe. Nikafungua boneti na kuchomoa kijiti. Kilitoka kikavu. Nilikifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Chini kabisa kwenye ncha palikuwa na kitu cheusi kizito, kama uji wa wimbi ulioungua. Nikamwomba Barasa azungushe injini mara moja tu, fupi, bila kuiwasha, nikaweka sikio. Haikugonga. Beringi zilikuwa bado hai, kwa sababu alizima kwa wakati.

Ningeweza kuongeza oili tu tukaondoka. Nilifikiria hivyo. Lakini ule uji ungeziba tena kabla hatujafika, na filta ilikuwa imejaa. Nikauliza kwenye mlango wa nyuma tuna dakika ngapi. Sista Juliet akasema ishirini, akipenda Mungu. Mwenye duka akaniletea beseni ambalo mkewe alikuwa anafulia, na akatoa nguo zake nje bila kuulizwa. Nikalala chini ya ambulensi kwenye changarawe.

Oili ilikuwa moto. Mambo yote niliyofundishwa kuhusu joto la wastani hayakuwa na nafasi siku ile. Nati ilipofunguka, oili ilinimwagikia mkononi na kuniacha na alama niliyonayo hadi leo juu ya kifundo. Nilisikia mama analia juu yangu, na Sista akimwambia apumue, asisukume, na mimi nikajikuta napumua naye. Ile oili ilitoka kwa vipande, kama haitaki. Nikaiacha itiririke kadiri nilivyothubutu, nikafunga nati, nikafungua filta, nikapaka mpira wa ile mpya kwa kidole, nikaifunga kwa mkono. Barasa alikuwa ameshaanza kumimina.

Tulipomaliza nikamwambia awashe. Taa nyekundu ilibaki. Nikahesabu moyoni. Moja, mbili, tatu. Nne, tano. Sita ilipofika ikazima, na injini ikatulia kama mtu aliyepewa maji. Barasa alifunga mlango na kuondoka, na mimi nikabaki pale barabarani na beseni la watu lililojaa oili chafu.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji mchana ule, msichana, mzito, mwenye sauti. Madereva walipendekeza aitwe Oili. Wazazi wake, ambao wana busara kuliko madereva wetu, walimwita Grace. Mwenye duka nilimpelekea beseni jipya, na mke wake akaniambia hilo la zamani nilirudishe pia.

Siku mbili baadaye tulikaa mimi na Barasa tukajua kilichotokea. Ambulensi ile haikuwa imekwenda kilomita nyingi, na hapo ndipo palikuwa na mtego. Ilikuwa inakwenda safari fupi fupi, injini haipati joto la kutosha kuchoma unyevu. Ilikuwa inanguruma ikiwa imesimama nje ya zahanati, wakati mwingine saa nzima, ili taa na vifaa vifanye kazi ndani, na saa hizo zote kompyuta ya gari lile ilikuwa inasoma sifuri kwa sababu magurudumu hayakuzunguka. Ilikuwa inakula vumbi la barabara za murram. Na ilikuwa inakunywa oili kidogo kidogo, jambo ambalo injini nyingi hufanya, na hakuna aliyeona kwa sababu mimi nilikuwa nimepiga marufuku kijiti. Nilirudi kwenye kile kitabu. Baada ya jedwali la elfu kumi na tano kulikuwa na jedwali la pili, kwa herufi ndogo zaidi, lenye kichwa cha matumizi magumu. Safari fupi, vumbi, kusimama injini ikiwaka, mizigo mizito. Likasema gari la aina hiyo libadilishiwe mapema zaidi, na kiwango kipimwe mara kwa mara. Ulikuwa ni kama ukurasa ulioandikwa na mtu akimtazama Barasa.

Nikaitisha mkutano wa madereva. Nikasimama pale pale niliposimama mara ya kwanza, nikasema kwamba Barasa aliniambia mara mbili na mimi sikumsikiliza, na kwamba kama siku ile angeniamini mimi na kuendelea kuendesha tungekuwa tumezika mtu. Nilimwomba msamaha mbele yao. Alizungusha kofia yake, akasema ni sawa tu Madam, sasa tuendelee na kazi. Sijui kama amewahi kujua jinsi maneno yale mafupi yalivyonipunguzia mzigo.

Msimamizi wa hospitali, mtawa mmoja mkali anayependa mambo yaliyonyooka, aliniita ofisini akataka nimpe nambari moja ya kutumia kwa magari yote. Nilimwambia sina. Akasema fundi asiyekuwa na nambari ni fundi wa namna gani. Nikamwomba aje uwanjani. Nikamwonyesha ambulensi ya Barasa: oili sahihi ya kitabu, lakini kila elfu tano, na saa za kusimama tunaziandika. Nikamwonyesha gari lake mwenyewe, linalokwenda Nairobi kwa lami tupu na kurudi, injini ina joto zuri njia yote: hilo elfu kumi bila wasiwasi. Nikamwonyesha jenereta, ambayo haijawahi kwenda hata hatua moja na bado ina haki ya oili mpya. Na yote, kilomita zifike zisifike, angalau mara moja kwa mwaka, maana oili huzeeka hata ikikaa. Na kijiti kila asubuhi ya Jumatatu, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Alisikiliza mikono ikiwa nyuma. Mwishoni akasema anaona ni kama wagonjwa, kila mmoja na dawa yake. Nikamwambia sikutaka kusema hivyo kwa sababu ningeonekana najipendekeza.

Ambulensi ile ilitembea miaka mingi baada ya hapo. Nilipofungua kifuniko cha juu cha injini yake mara ya mwisho, ndani palikuwa na rangi ya kahawia safi, hakuna uji. Nilimwita Barasa aje aone. Alitazama muda mrefu, kisha akaenda kuoshea gari lake nje, akiimba.

Nilipostaafu, gereji ilibaki chini ya Faith Naliaka, niliyefanya naye kazi miaka minane na ambaye hana subira na wajinga, jambo ambalo nililipenda mpaka siku lilipoelekezwa kwangu. Ilikuwa mwezi uliopita. Nilipeleka gari langu dogo, lile ninaloendea kanisani na sokoni, aniangalizie breki. Akaniuliza nimebadilisha oili lini. Nikamwambia kwa kujiamini kwamba nilibadilisha nilipostaafu, na nimekwenda kilomita elfu moja na mia tisa tu, hata elfu mbili hazifiki.

Akachomoa kijiti, akanusa, akasugua kati ya vidole. Akaniuliza nakaa wapi, na kanisa liko wapi. Nikamjibu. Akaniuliza kama sindano ya joto huwa inafika katikati kabla sijafika. Nikafikiri kidogo, nikasema kusema kweli haifiki.

"Mama, ni mwaka mzima, na injini haijawahi kupata joto hata siku moja," akasema. "Hii tunabadilisha leo."

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba kwa hali ya kawaida, kwa oili niliyoitia mimi mwenyewe, kwa kilomita chache kama hizo, oili bado ni nzuri. Alikuwa ameshaingia chini ya gari. Nikafunga mdomo, nikaenda kukaa kwenye benchi la wateja.